Ufa kwenye Ukuta wa Wenyewe

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa 3, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kutazama skrini. Kilikuwa kiwanda cha kusaga unga, hapa Nairobi, Industrial Area. Walikuwa wamebandika vihisi kwenye mota na feni kubwa, na mtetemo wa kila mashine ulinifikia kama nambari. Kijani, endelea. Njano, mwite msimamizi. Nyekundu, zima. Kibarua tu, lakini angalau kulikuwa na kiti.

Wiki ya kwanza nilijifunza kwamba mashine nyingi hazifi ghafla. Beringi ikianza kuchoka, mtetemo hubadilika kwanza, pengine wiki kadhaa kabla. Baadaye huja kelele, kisha joto, kisha moshi. Fundi wetu mzee hakuhitaji skrini: aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Kihisi husikia mapema kuliko yeye, basi.

Jumatano moja feni ya kunyonya vumbi ikawa njano. Nikamwita msimamizi. Akatazama, akasema tuna oda ya Ijumaa, feni si bado inazunguka, wewe bonyeza tu. Kulikuwa na kitufe cha "Nimeona". Ukikibonyeza, mlio unanyamaza. Nikabonyeza.

Usiku wa Alhamisi beringi ilikwama, mkanda ukakatika na kumchapa mkononi jamaa wa shifti ya usiku aliyekuwa akifagia hapo karibu. Kifuniko cha mkanda kilitolewa zamani na hakuna aliyekirudisha. Mfupa ulivunjika. Naye alikuwa kibarua kama mimi: usipofika kazini, hulipwi.

Tangu siku hiyo najiuliza: mtu aliyeona ana deni gani?

Jibu rahisi ni kwamba msimamizi ni mtu mbaya. Ningependa iwe hivyo, ningelala vizuri. Lakini kusubiri si ujinga kila mara. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasayansi Mwingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege zilizowinda nyambizi za Wajerumani, wakakuta hitilafu zinaongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba. Kufungua vitu vizima kulikuwa kunaviharibu. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United, Marekani, waliandika kwamba asilimia 89 ya vifaa walivyochunguza havikufaidika na kuwekewa ukomo wa umri. Ukifungua mashine kwa woga tu, unaweza kuiletea ugonjwa ambao haikuwa nao. Ndiyo maana siku hizi tunapima.

Hata kipimo chenyewe kinaacha nafasi. Kiwango cha kimataifa cha mtetemo, ISO 20816, kina ngazi 4. A ni ya mashine mpya, B inafaa kwa muda mrefu, D inaweza kuivunja mashine. Kabla ya D iko C: haifai kuendelea hivyo kwa muda mrefu, ila inaweza kufanya kazi kwa muda mpaka nafasi ya kuitengeneza ipatikane. Feni yetu ilikuwa C. Je, "kwa muda" ni mpaka Ijumaa? Hilo nambari haikuambii. Lazima mtu aamue.

Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeijua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini sasa naona inachukulia kwamba aliyeona ufa ndiye mwenye nyumba. Kiwandani tulikuwa watatu: niliyeona, aliyeamua, na aliyeumia. Aliyeamua alilinganisha hasara ya oda na bei ya beringi. Mkono wa mtu haukuingia kwenye hesabu, kwa sababu mwenye mkono hakuwepo.

Kuzima feni hakukuwa juu yangu. Lakini jioni ile ya Alhamisi tulipishana getini, mimi nikitoka, yeye akiingia. Tukagonga ngumi. Nikamwambia kazi njema. Ningeweza kusema, "Leo usikae karibu na ile feni." Maneno hayo hayakuhitaji ruhusa ya bosi.

Basi nimefika hapa: habari ya hatari ni ya anayesimama karibu nayo kabla ya kuwa ya mwenye mashine. Utasema watu wataogopa, kazi itasimama kila taa ikiwa njano. Sidhani. Jamaa huyu alikuwa akija kazini kwa boda hata kwenye mvua. Kuishi na hatari alishazoea. Nilichomnyima ni nafasi ya kusimama kando.

Nilimtembelea baada ya plasta kufungwa. Akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

Nikamjibu kwamba niliona, nikaripoti.

"Sijakuuliza kama uliripoti," akasema.