Ubushingantahe, Kitabu na Pwani ya Rumonge

Padri Adrien Ntabona, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Burundi, alitumia miaka mingi kukusanya na kueleza mapokeo ya Warundi, hasa ubushingantahe. Hii ni hadhi wanayopewa watu waadilifu wa mlimani, yaani wa kitongoji cha Burundi, ili wasuluhishe ugomvi, washuhudie mikataba na mipaka ya mashamba, na waseme kweli hata mbele ya mkubwa. Mwaka 1999 kituo cha CRID cha Bujumbura, kinachoshughulikia utamadunisho na maendeleo, kilichapisha kitabu chake juu ya safari ya hekima hiyo.

Je, hekima ya namna hii huhifadhika kwa maandishi? Hadithi ikiandikwa hubaki hadithi. Umushingantahe, yaani mwenye hadhi hiyo, kwa upande wake, hapatikani kwa kujua hadithi nyingi. Huchunguzwa kwa miaka, hulelewa na mdhamini, kisha huapa hadharani, na jirani mwenye neno dhidi yake hupewa nafasi ya kulisema. Wanaomthibitisha ni waliomwona akilipa deni, akiishi na mkewe, akitunza siri ya watu. Kitabu huweza kueleza hayo yote kwa uaminifu, lakini hakiwezi kumtolea mtu ushahidi. Ndiyo maana Ntabona hakuishia kuandika: alitetea kufufuliwa kwa desturi yenyewe, na Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi wa tarehe 28 Agosti 2000 nao uliitambua haja hiyo.

Uzito wa swali hili huonekana Rumonge na Nyanza-Lac, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo machafuko ya Aprili 1972 yalipoanza, kabla ya mauaji makubwa yaliyoenea nchi nzima, na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Waliporudi, wengine baada ya zaidi ya miaka 30, walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine au yamekuwa ya michikichi. Mpaka uliokuwa umewekwa katika kumbukumbu ya wazee haukuwa tena na shahidi, kwa kuwa wazee walikuwa wameuawa au wametawanyika. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi; yenyewe iliweza kuamua, ila haikuwahi kuwa jirani.

Pwani hiyo ina jambo jingine. Kuna Waislamu wengi na wasemaji wa Kiswahili, na kwa desturi sherehe ya kumsimika umushingantahe huambatana na pombe. Kama pombe ni kiini, Mwislamu amefungiwa mlango. Kama kiini ni kiapo na mwenendo, pombe inaweza kuachwa bila hasara. Jibu la pili ndilo lenye nguvu, na kipimo hichohicho kinawafaa watu wa jamii ya Watwa, waliotengwa, na wanawake, ambao kwa desturi waliipata hadhi hiyo kupitia waume zao. Mila isiyochujwa hivyo huhifadhi pia dhuluma zake.

Tangu 2005 kila mlima huchagua baraza lake kwa kura, lakini kura hupigwa siku moja, ilhali umushingantahe huchunguzwa kwa miaka. Kijana aliyekulia kambini Tanzania anaweza kujifunza utaratibu wa kiapo kutoka kitabuni kwa muda mfupi tu. Majirani wa kumshuhudia Rumonge atawapata kwa kuishi nao miaka mingi.