Chumba Kisicho na Dirisha

Alfajiri ya tarehe 16 Machi 2023 moto ulizuka katika jengo la kale kwenye uwanja wa Place d'Youville, sehemu ya zamani ya jiji la Montreal nchini Kanada. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1890 na lilijulikana kwa jina la William Watson Ogilvie, tajiri wa biashara ya unga wa ngano. Mtaa lilipokuwa ni wa aina ambayo watu huvuka bahari kwenda kuitazama: mawe ya kale, barabara nyembamba, mto haupo mbali. Ndani ya jengo waliishi wapangaji wa kudumu, na pamoja nao walilala wageni waliokodi vyumba kwa usiku mmoja au miwili kupitia mtandao.

Watu 7 walikufa. Moto ulilidhoofisha jengo kiasi kwamba waokoaji hawakuthubutu kuingia. Ilibidi libomolewe kuanzia juu, kipande kwa kipande, na ilipita zaidi ya wiki moja kabla ya mwili wa mwisho kupatikana. Miongoni mwa waliokufa alikuwa binti wa miaka 18 aliyekodi chumba pamoja na rafiki yake. Baba yake alieleza baadaye kwamba binti huyo alipiga simu ya dharura, akasema yumo katika chumba kisicho na dirisha na hana pa kutokea.

Siku zilizofuata, Meya wa Montreal wakati huo, Valérie Plante, alisema wazi kwamba ukodishaji wa muda mfupi haukuruhusiwa katika eneo lile. Yaani wageni wale walilipia malazi ambayo kisheria hayakupaswa kuuzwa, na tangazo halikuwaambia. Kampuni ya Airbnb ilikubali kuondoa matangazo ya jimbo la Quebec yasiyokuwa na namba ya kibali, na kabla ya mwezi Juni kwisha jimbo likawa limepitisha sheria inayozibana kampuni za mtandao zenyewe, kwa faini inayoweza kufika dola 100,000 kwa tangazo. Polisi nao walitangaza kwamba yalipatikana mabaki ya kichochea moto, na shauri likageuka kuwa la jinai. Hilo lina uzito wake mahakamani. Mimi bado nabaki na swali la dirisha. Mtu mwovu aweza kuwasha moto popote. Chumba kisichokuwa na pa kutokea kilitengenezwa kwa hesabu, mchana, na mtu aliyetaka kodi.

Inafaa kuelewa chumba kama hicho kinapatikanaje, maana kipo katika miji mingi. Majengo ya biashara ya karne ya 19 yalijengwa yakigusana ubavu kwa ubavu. Mwanga na hewa huingia kwa mbele na kwa nyuma. Katikati palikuwa na ukumbi, ghala au ngazi, mahali pa kupita tu. Anapokuja mtu wa leo na kulikatakata jengo lile kwa mbao nyepesi ili apate vyumba vingi, vile vya katikati vinabaki gizani. Kwenye tangazo giza hilo hulioni. Mpiga picha husimama mlangoni, huwasha kila taa, hutandika shuka jeupe na kuweka mito minne. Hesabu picha za chumba unachotaka kukodi na uzitazame ukuta baada ya ukuta. Ukiona kuta tatu na ule wa nne hauonekani hata mara moja, au ukiona pazia refu limefungwa katika kila picha, muulize mwenye chumba nyuma ya pazia kuna nini.

Kwa desturi zetu za pwani, mgeni huwa hapati shida ya kuuliza. Nakumbuka bibi mmoja wa Malindi, Unguja, anayekodisha vyumba viwili vya juu katika nyumba ya marehemu mumewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu, pole na safari," na begi langu halijatua chini akawa ameshanishika mkono. "Njoo kwanza nikuoneshe nyumba." Akanionesha choo. Akanionesha kibla. Kisha akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye mlango mfupi wa uani, akavuta komeo, akalirudisha, akaniambia nilivute mimi. Lilikuwa limekaza kwa kutu. Unalinyanyua kidogo ndipo linateleza. "Hebu tena," akasema. Nikavuta tena. "Huo mlango mkubwa wa mbele mzito, na usiku ukiwa na haraka utakushinda. Hapa ukishatoka uko kwa jirani, gonga tu." Hakunipandisha chumbani mpaka aliporidhika kwamba mkono wangu umelijua lile komeo.

Ile ndiyo huduma ambayo sehemu nyingi za kulala mjini zimeipoteza. Sizichukii apatimenti za kukodi kwa siku. Kwa familia yenye watoto ni msaada mkubwa: kuna jiko, kuna mashine ya kufulia, mtoto anakunywa uji wake asubuhi bila kusubiri saa ya hoteli, na gharama mara nyingi ni nafuu. Mtu anayempeleka mzazi hospitali Nairobi au Dar es Salaam kwa wiki kadhaa atakuambia asingeweza kumudu vinginevyo. Lakini tazama unavyopokewa. Unatumiwa ujumbe wa simu wenye namba za kisanduku cha funguo, nenosiri la intaneti na onyo la kutopiga kelele. Mwenye mali yuko mji mwingine. Jirani wa mlango wa pili naye ni mgeni kama wewe, kaingia jana. Kukitokea jambo saa nane ya usiku, hakuna hata mmoja katika ghorofa nzima anayeijua nyumba.

Nairobi imelionja hilo kwa uchungu wa aina nyingine. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa, kila mmoja kwa wakati wake, katika vyumba vya kukodi kwa siku. Tarehe 27 mwezi huo wanawake waliandamana katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wenzao, na serikali ikaanza kudai vyumba vya namna hiyo visajiliwe. Wauaji ndio wenye hatia, hilo halina mjadala. Hata hivyo, nyumba ambayo hakuna mtu anayejua nani kaingia na nani katoka humrahisishia mwovu kazi yake.

Majengo ya kale yana jambo lao la ziada, nalo nataka kulikalia kidogo kwa sababu ni letu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na tangu hapo nyumba nyingi za zamani katika miji hii zimegeuzwa kuwa mahali pa kulala wageni. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu: boriti haifiki mbali, na upana wa chumba huenda sambamba na urefu wa boriti, kama mita 3 hivi. Ukuta wa chokaa hupumua. Mvua ikiulowesha, jua na upepo huukausha. Adui wake ni maji yasiyopata pa kutokea.

Sasa nyumba ile imegeuzwa ya wageni. Kila chumba kimepewa bafu lake, hata ghorofa ya tatu ambako hapakuwahi kuwa na bomba. Kiyoyozi kinadondosha maji ukutani mchana na usiku. Fundi amepiga plasta ya saruji juu ya chokaa ili ukuta uonekane nadhifu, na kwa kufanya hivyo ameufungia unyevu ndani. Unyevu ule huzifuata ncha za boriti, pale zilipozama ukutani na jicho halifiki. Ncha zikioza, dari haina tena cha kushika, na ukuta ambao ulikuwa umeshikwa na dari huanza kutoka nje kama tumbo. Kwa hiyo ukilala katika nyumba ya namna hii, inua macho. Tazama boriti zinapokutana na ukuta: kama kuna doa la maji, unga wa mti ulioliwa, au ufa mpya unaofuata mstari wa dari, omba kuhamishwa chumba, tena usione haya.

Anayedhani haya ni maneno ya kutisha watu na akumbuke Beit al-Ajaib. Jumba lile la Sultan Barghash, lililomalizika mwaka 1883, ndilo lililokuwa fahari ya bandari ya Unguja. Lilikuwa na umeme na lifti wakati miji mingi ya kanda hii haikuwa na taa. Ni majengo machache ya Zanzibar yaliyotazamwa na wataalamu kama hilo. Lilikuwa limefungwa kwa watalii, ukarabati uliogharamiwa na Oman ulikuwa unaendelea, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka na kuua watu 2. Kama jumba linalojulikana duniani kote linaweza kuanguka mbele ya mafundi wake, basi nyumba ya uchochoroni ambayo mwenyewe yuko ng'ambo, imegawanywa vyumba 9 na haijakaguliwa tangu igawanywe, inahitaji jicho la mgeni na inahitaji zaidi jicho la serikali. Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar hutoa leseni za nyumba za wageni. Kuomba kuoneshwa leseni si utovu wa adabu. Mwenye nayo huiweka ukutani, pale pa kuandikia majina ya wageni.

Kuna hatari nyingine isiyokuwa na sauti. Mwishoni mwa Oktoba 2022, marafiki watatu kutoka Marekani walikutwa wamekufa katika apatimenti waliyokodi Mexico City. Kilichowaua ni gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wetu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Haina harufu wala rangi. Katika miji ambako maji ya kuoga hupashwa kwa gesi, hita bovu la maji lililofungwa bafuni au jikoni linaweza kuijaza nyumba gesi hiyo wakati mmelala. Kifaa cha kuitambua ni kidogo, hutumia betri, na hukaa vizuri katika begi la mkononi. Kwa mtu anayesafiri na watoto ningependa kiwe cha lazima kama pasipoti.

Mengine hufanyika jioni ya kwanza, kabla ya kutoka kwenda kutembea. Toka chumbani na ushuke ngazi hadi barabarani ukihesabu milango, maana moshi ukijaa utatambaa na hutaona kitu. Fungua dirisha. Kama lina nondo, kama yalivyo madirisha mengi ya kwetu hadi ghorofa ya tano, tafuta ule upande unaofunguka na uulize ufunguo wake uko wapi. Nyumba nyingi hazina upande huo, na hapo umeshapata jibu la kama ulale au usilale. Bonyeza king'ora cha moshi usikie kama kinalia. Kisha lipo geti. Katika miji yetu geti hufungwa kwa kufuli saa nne au saa tano za usiku, na funguo anazo mlinzi. Mlinzi naye ni binadamu: huenda msikitini alfajiri, huenda dukani, husinzia. Omba ufunguo wako mwenyewe. Ukiambiwa haiwezekani, wewe na wengine wote humo ndani mmefungiwa.

Montreal yenyewe ilishasikia funzo hili na likarudi tena. Tarehe 4 Oktoba 2024, katika sehemu ileile ya zamani ya jiji, moto ulilipata jengo jingine lenye umri wa miaka 100, safari hii lenye hosteli juu ya mgahawa. Walikufa mama na binti yake wa miaka 7, wageni kutoka Ufaransa. Sheria mpya ilikuwepo, kumbukumbu ya Machi 2023 ilikuwa bado mbichi, na familia za wale 7 zilikuwa zingali zikisubiri kuambiwa nani atawajibika.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba maswali manne tu: chumba kina dirisha linalofunguka? Kuna njia ngapi za kutoka usiku? Nani analala hapo anayeijua nyumba, na namba yake ni ipi? Kibali cha kupokea wageni ni namba gani? Mwenye nyumba mwema hujibu siku hiyohiyo, na mara nyingi hukuongezea la tano ambalo hukulifikiria, kama ngazi yenye giza au geti la nyuma. Akikujibu kwa picha nyingine ya kitanda, tafuta pengine, hata kama bei ni nzuri na mlango umechongwa na seremala wa karne iliyopita.