Mwanadamu, Maumbile na Deni la Msitu

Swali moja lastahili kusikika katika kila mhadhara wa chuo kikuu uhusuo mwanadamu na maumbile: je, msitu una thamani kwa kuwa watufaa, au una thamani yake wenyewe? Swali hili halikamiliki mpaka liulizwe mbele ya msitu wenyewe. Na tuutazame ule wa Kwamkoro, karibu na Amani, katika Usambara ya Mashariki.

Katika miaka ya 1970 na 1980, miti ya Kwamkoro ilikatwa kwa mashine ili kulisha kiwanda cha mbao mjini Tanga, kwa msaada wa Finland. Nia haikuwa mbaya, kwani taifa changa lilihitaji mbao na kazi. Lakini miti yenye bei ilipoondolewa pakabaki uwazi, na katika uwazi huo ukastawi Maesopsis, mti mgeni ulioletwa milimani enzi za ukoloni. Hapo twajifunza kwamba msitu si ghala la magogo. Ni jumuiya ya viumbe vitegemeanavyo.

Ukataji huo ulisimamishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 Kwamkoro ikaingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Je, deni limekwisha? La. Mto Zigi, utokao katika milima hiyo, huwapa maji watu wa mji wa Tanga. Lakini anayeambiwa asiuguse msitu ni jirani yake, aliyezoea kupanda iliki chini ya miti mirefu. Huko Derema, katika miaka ya 2000, wakulima waliyaacha mashamba yao ya iliki, kwa fidia, ili misitu iunganishwe. Fidia huhesabu mimea. Haihesabu mavuno ambayo mzazi alitumaini kuwarithisha wanawe.

Wahenga walinena: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ikiwa mji ndio unaotaka maji, na taifa zima ndilo linalotaka msitu, yawaje ainame mkulima peke yake?

Msitu una haki ya kuwapo, hata pale usipotufaa. Lakini gharama ya haki hiyo hatuna budi kuichanga sote. Mwalimu atakapolijadili jambo hili darasani, asiwaulize wanafunzi tu kwa nini tuhifadhi. Awaulize pia ni nani anayelipa.