Mtoto Aitwaye Nusu



Jioni moja baada ya masomo tulikuwa tumeketi barazani, walimu watatu na wazee wawili wa kijiji, tukizungumza habari za kijana wa kwetu aliyekwenda Japani kujifunza ufundi, naye ameleta habari ya kwamba ataka kuoa huko huko. Baba yake alikuwapo, hakusema neno. Lakini mzee mmoja akasema, "Na aoe, kila nchi ina mabinti wema. Ila na atuambie kwanza, watoto wake watakuwa akina nani?"

Sisi walimu tukalijibu swali lile upesi, kama ilivyo desturi yetu, na kila mmoja akajibu lake. Mzee akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena vile vile. Ndipo nilipoona ya kwamba hatukumjibu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za nchi ile, na leo nataka kuwaeleza niliyoyapata, kwa maana swali la mzee yule Wajapani wamekuwa wakilijibu kwa muda wa miaka mia moja na hamsini, na majibu mengine yaliwaumiza watu wasio na kosa.

Japani ni nchi ya visiwa. Kwa miaka zaidi ya mia mbili watawala wake waliifunga milango, mgeni asiingie wala mwenyeji asitoke, ila wafanya biashara wachache walioruhusiwa mahali mahali. Milango ilifunguliwa katika miaka ya 1850, wageni wakaja, na ndoa nazo hazikukawia. Mwaka 1873 Serikali ikatoa amri kwamba Mjapani na mgeni waweza kuoana. Lakini amri ile ilikuwa na makali pande mbili. Mwanamke Mjapani akiolewa na mgeni, alitoka katika hesabu ya Wajapani. Mwanamke mgeni akiolewa na Mjapani, aliingia. Yaani mke alimfuata mume kama kivuli.

Hapo yafaa nieleze jambo moja, ama sivyo mengine hayataeleweka. Kule kila nyumba ina daftari lake katika ofisi ya mji, nalo huitwa koseki. Ndani yake huandikwa jina la ukoo, waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Daftari hilo si karatasi tu. Ndilo limwambialo mtu yeye ni nani na ni wa nani. Na asiyeandikwa humo, hata akiwa amelala katika nyumba ile miaka arobaini, kwa macho ya ofisi yuko nje.

Mtu aliyelijua jambo hili sana alikuwa mwalimu, nami sikuona haya kumpenda kwa sababu hiyo. Jina lake Lafcadio Hearn. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama yake Mgiriki, baba yake mganga wa jeshi la Waingereza, mtu wa Ayalandi. Ndoa ya wazazi wale haikudumu. Mama alirudi kwao mtoto akiwa na umri wa miaka kama minne, wala hawakuonana tena. Baba naye akaoa mke mwingine. Mtoto akalelewa Dublin na shangazi mzee wa baba yake. Alipokuwa mkubwa alikwenda Marekani, na huko Cincinnati, mwaka 1874, akamwoa mwanamke aliyezaliwa utumwani, ambaye damu yake ilikuwa ya watu weusi na weupe. Sheria ya jimbo lile ilikataza ndoa ya namna hiyo, na habari ilipojulikana gazeti alilolifanyia kazi likamfukuza. Hata hivyo hakukaa na mke yule. Waliachana baada ya muda mfupi. Nalitaja jambo hili kwa kusudi, nisije nikamfanya malaika.

Mwaka 1890 alifika Japani, akawa mwalimu wa Kiingereza katika mji mdogo wa Matsue. Huko akakaa na Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa kiungwana uliokuwa umefilisika. Yeye hakujua Kijapani sawasawa, na mama yule hakujua Kiingereza, wakajifanyia lugha yao wenyewe, Kijapani kilichovunjika vunjika, ambacho walikifahamu wao wawili tu. Kwa lugha ile Setsu alimsimulia mumewe hadithi za kale za mizimu na mashetani, naye akaziandika kwa Kiingereza, hata leo zasomwa duniani kote. Wajapani wenyewe wazisoma kwa kuzirudisha katika lugha yao!

Mwaka 1893 walipata mwana, jina lake Kazuo. Ndipo mashaka yalipoanza. Kama Hearn angemwoa Setsu kwa sheria ya Waingereza, mama na mtoto wangetoka katika Wajapani, wawe wageni katika nchi yao. Kama asingefanya lolote, alihofu ya kwamba siku atakapokufa mali yake haitawafikia. Basi akaona njia moja tu, atoke yeye. Mwaka 1896 akaingizwa katika nyumba ya mkewe, akaacha kuwa raia wa Uingereza, akaitwa Koizumi Yakumo, maana yake mawingu manane. Watu wengi wa Ulaya walikaao Japani walimcheka, wakamwona mtu aliyejishusha. Yeye aliyeachwa na mama akiwa mdogo hakutaka mwanawe aandikwe pasipo nyumba. Tena kila siku alimfundisha Kazuo Kiingereza yeye mwenyewe, ili asiukose upande wa pili. Alikufa mwaka 1904, akazikwa Tokyo kwa jina lake la Kijapani.

Nalipomsimulia mzee wetu habari hii alicheka sana, akasema, "Kumbe mwanamume aliolewa!" Kwa kweli watu wetu hawana haki ya kushangaa. Je, Waluguru na Wayao tangu zamani hawakuuhesabu ukoo wa mtoto kwa mama? Mtu wa makabila hayo akiisikia sheria ya Japani ya mwaka 1873 ataona imepinduliwa. Kwa hiyo yule asemaye, "Mtoto ni wa baba, ndivyo Mungu alivyoweka," yafaa kwanza asafiri siku moja tu kutoka kwao.

Baada ya vita kuu ya pili, iliyokwisha mwaka 1945, majeshi ya Marekani yalikaa Japani, na watoto wakazaliwa. Wengine walizaliwa kwa mapenzi, wengine kwa njaa, wengine kwa nguvu. Baba akahamishwa, mama akabaki na mtoto ambaye uso wake ulitangaza kila kitu, tena katika nchi iliyoshindwa, ambapo uso ule uliwakumbusha watu adui. Watoto wengi walitupwa. Mwaka 1948 mwanamke Mkristo, jina lake Sawada Miki, mjukuu wa tajiri aliyeianzisha Mitsubishi, alifungua nyumba ya yatima huko Oiso karibu na bahari. Aliiita Elizabeth Saunders, kwa jina la mama Mwingereza ambaye fedha yake aliyoiacha alipokufa ndiyo iliyokuwa msaada wa kwanza. Akina mama waliwaleta watoto, wengine waliwaacha mlangoni usiku. Sawada aliwalea mamia kwa mamia, akawafanyia na shule yao wenyewe, kwa maana nje walitukanwa. Baadhi aliwapeleka Brazil walipokuwa wakubwa, akitumaini ya kwamba huko hakuna atakayewageukia kuwatazama. Namheshimu sana mama yule. Lakini fikirini, nchi iliyo mama wa mtoto, mtoto akashauriwa kwenda ng'ambo ili asitazamwe.

Na sheria ilizidi kukaza. Mpaka mwisho wa mwaka 1984 uraia wa Japani ulitoka kwa baba. Mtoto wa mama Mjapani na baba mgeni, wenye ndoa halali, hakuwa Mjapani. Kisiwani Okinawa, palipokuwa na kambi nyingi za askari, walikuwako watoto ambao baba zao Wamarekani hawakuweza kuwapa uraia wao, kwa kuwa sheria ya Marekani ilitaka baba awe amekaa kwao miaka kadha wa kadha. Na mama zao hawakuruhusiwa kuwapa wao. Basi mtoto amezaliwa kisiwani, hajui lugha ila ya mama yake, amelelewa na bibi yake, naye si mtu wa dola yo yote duniani. Sheria mpya ilianza tarehe 1 Januari 1985, na tangu hapo mama naye aweza kumpa mtoto uraia. Mwaka 2008 mahakama kuu ikaamua tena ya kwamba si haki kumnyima uraia mtoto aliyekubaliwa na baba yake Mjapani kwa sababu tu wazazi hawakufunga ndoa. Wengi wa watoto hao mama zao walikuwa wanawake wa Ufilipino.

Wanawake hao hawakuja mijini tu. Vijana wa kike wa Japani waliyaacha mashamba, wakaenda mijini, wakulima wakakosa wake. Mwaka 1985 mji mdogo wa Asahi, katika jimbo la Yamagata, ofisi ya mji yenyewe iliwasaidia wakulima kutafuta wake Ufilipino. Nadhani wasomaji wangu wa shambani wataelewa kuliko watu wa mjini: mgeni aliletwa alime, azae mrithi, amtunze mama mkwe, na ajifunze kupika mchuzi wa nyumba ile usibadilike. Ndoa za Wajapani na wageni ziliongezeka mpaka mwaka 2006, zikapita 44,000, yaani kama 6 katika kila ndoa 100, baadaye zikapungua. Na mpaka mwaka 2012 mume au mke mgeni hakuandikwa pamoja na watu wa nyumba yake katika karatasi ya ofisi ya wakaao mjini. Baba aweza kuwa anakaa humo, analipa kodi, anawapeleka watoto shuleni, na karatasi yaonyesha mama na watoto peke yao.

Sasa nirudi barazani. Wako watu wema wasemao, "Sisi hatuwachukii wageni, twawahurumia watoto. Kwa nini umzae mtoto atakayechekwa?" Neno hili lina sura ya huruma, nami zamani nalilikubali. Lakini tulitazame. Amchekaye mtoto yule ni nani? Ni majirani, ni wanafunzi wenzake, ni mwenye nyumba asiyetaka kumpangisha. Basi twamwambia mzazi, "Usimzae, kwa maana sisi tutamtesa," kisha twajiita wenye huruma. Ni kama mtu aliyechimba shimo njiani, akaanza kuwalaumu wapitao usiku.

Hata hivyo sitaki kumwondolea mzazi mzigo wote. Shimo lipo, ingawa si yeye aliyelichimba, na ampitishaye mtoto njia ile apaswa kuchukua taa. Hearn aliichukua. Askari wengi hawakuichukua. Ndiyo maana baba wa kijana wetu aliponiomba nimsaidie kumwandikia mwanawe, sikuandika kumwuliza kama ampenda binti yule. Hilo ni lake. Nalimwuliza watoto wataandikwa wapi, wataitwa jina gani, na siku watakapokuja kwetu watamwamkia bibi yao kwa lugha gani. Kijana hakujibu kwa mwezi mzima. Kisha akajibu maswali mawili, la tatu akasema bado wanashauriana. Mimi nalipendezwa na jibu lile kuliko kama angejibu yote.

Mtoto wa wazazi wa namna hiyo Wajapani humwita hafu, neno walilolitoa katika Kiingereza, maana yake nusu. Wako wazazi walioona uchungu, wakasema aitwe daburu, yaani maradufu. Lakini vijana wengine wenyewe wamelikataa hata hilo, wakisema, "Mimi si nusu wala si wawili. Ni mmoja." Sisi nasi tuna neno letu, chotara, nalo halina utamu mdomoni.

Mwaka 2015 binti wa Sasebo, Ariana Miyamoto, ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi, alichaguliwa kuwa mrembo wa Japani wa kwenda kushindana na mataifa. Wengi walinung'unika ya kwamba hana uso wa Kijapani. Mwenyewe alieleza ya kwamba aliingia mashindano yale kwa ajili ya rafiki yake, mtoto wa damu mbili kama yeye, aliyejiua. Lakini mwaka 2021, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Tokyo, aliyewasha moto alikuwa Naomi Osaka, ambaye baba yake ni mtu wa Haiti. Watu wengi wakashangilia. Mtoto akishinda ni wetu. Akishindwa twamkumbuka baba yake.

Habari ya mwisho ni ya shule, nayo imenigusa zaidi. Mwaka 2023 katika mji wa Himeji kijana wa miaka 18, baba yake mtu mweusi, alisuka nywele zake za kipilipili mistari mistari ili awe nadhifu siku ya kuhitimu. Walimu wakasema amevunja kanuni ya nywele, wakamketisha ghorofa ya juu, mbali na wenzake. Walimu wale, nadhani, hawakujiona wakatili. Walishika kanuni.

Nami nalipoanza kufundisha, darasani mwangu walikuwamo watoto wawili wenye jina moja. Mmoja mama yake alikuwa mtu wa kwetu, baba yake mtu wa Asia aliyekwisha ondoka. Ili nisiwachanganye nalimwita Chotara. Hakulalamika. Aliitika "Naam, mwalimu" kwa miaka mitatu, na daftari langu la mahudhurio laonyesha neno lile kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwaka jana nalimkuta kituo cha basi, sasa ni mtu mzima. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nalitaka kumwita, na neno lililokuja kwanza mdomoni lilikuwa lile lile. Nikalizuia. Nikamwuliza jina lake lote, kana kwamba ni mgeni kwangu. Akanitazama kidogo, kisha akanitajia majina matatu: la kwake, la baba yake, na la ukoo wa mama yake, ambalo aliliongeza mwenyewe alipochukua kitambulisho. Basi likafika, akapanda.