Furushi na Mizigo

Mahubiri ya Kwaresima
Masomo: Waebrania 12:1–2, Wagalatia 6:1–5, Mathayo 11:28–30



Kwaresima imetufikia tena, na kama ilivyo desturi tunaulizana: "Mwenzetu, mwaka huu unaacha nini?" Mmoja anaacha nyama, mwingine sigara, mwingine sukari katika chai. Hayo ni mema, wala hatuyadharau. Lakini mwaka huu tungependa tuanze na swali jingine: Tumebeba nini? Maana mtu hawezi kuweka chini kitu asichojua kuwa amekibeba.

Ili swali hilo lituingie vizuri, tusimulie habari ya mtu mmoja na baiskeli yake.

Huko Marekani, katika jimbo la Ohio, alikuwako mtu aitwaye Steven K. Roberts, mwandishi na fundi wa kompyuta. Alikuwa na nyumba, na ofisi, na vyombo vingi, na bili za kulipia vyombo hivyo. Siku moja akajitazama, akaona kwamba anafanya kazi asizozipenda ili alipie vitu asivyovihitaji. Basi mwaka 1983 akaachana na nyumba, akapakia vitu vyake juu ya baiskeli, akaondoka peke yake kuizunguka nchi yake.

Baiskeli yake haikuwa kama hizi zetu. Ilikuwa ya namna ile ambayo mwendeshaji hakai wima juu ya kiti chembamba, bali anaegemea nyuma, mgongo umetulia, miguu imenyoshwa mbele kwenye pedali, kama mzee aliyekaa kwenye kiti cha kulalia barazani. Tusidhani ni kitu cha mzaha. Mwaka 1933 mjini Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya namna hiyo akaenda zaidi ya kilometa 45 katika saa moja, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata wakubwa wa mashindano ya baiskeli wakaipiga marufuku katika mbio zao.

Bwana Roberts alisafiri hivyo kilometa zipatazo 16,000. Alichukua nguo, zana za kuzibia pancha, kompyuta ndogo ya kuandikia, na kioo cha kuvuta umeme wa jua. Jioni alitafuta simu, akapeleka maandishi yake kwa njia ya waya, akapata chakula chake kwa kazi hiyo. Mwendo ulikuwa mwema.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Aliporudi, aliona kwamba ni hasara kupiga pedali kutwa nzima bila kuandika. Kwa hiyo mwaka 1986 akatoka na baiskeli iliyoongezwa vifaa, yenye vitufe katika usukani, aweze kuandika huku anakwenda. Halafu akatengeneza ya tatu, iliyokamilika mwaka 1991. Hiyo ilikuwa na kompyuta kadhaa, na redio, na chombo cha kuwasiliana na setilaiti, na kofia yenye kioo kidogo cha kusomea mbele ya jicho, na trela nyuma yenye vioo vya jua. Ilikuwa na gia 105. Uzito wake ulikuwa ratili 580, yaani kilo 263 hivi, zaidi ya magunia mawili na nusu ya mahindi. Na yote hayo yasukumwe na miguu miwili ya mwanadamu!

Mwenyewe aliipa jina la BEHEMOTH, akalifumbua jina hilo kwa herufi zake kwamba ni mashine kubwa ya umeme iendeshwayo kwa nguvu za binadamu, ila ni nzito mno. Katika safari zote alikwenda kama kilometa 27,000, lakini baiskeli ile kubwa kuliko zote ndiyo iliyokwenda kidogo kuliko zote. Baadaye mwenyewe aligeukia mambo ya mashua, na baiskeli ikapelekwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko California. Watu huenda kuitazama. Imesimama.

Hatusemi haya kwa kumcheka. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi, na kazi yake iliwafurahisha wengi. Alipata hata ujasiri wa kuuandika uzito wake katika jina la chombo chake, jambo ambalo wengi wetu hatuwezi. Lakini jina hilo linatoka katika Biblia, na wafasiri wetu katika Ayubu 40:15 waliliandika "kiboko". Ni kiboko wa mtoni, si kile tulichokuwa tukishika sisi walimu darasani! Mungu alimwumba kiboko mzito, akampa na mto wa kumbeba. Sisi hakutuumba viboko. Sisi alitupa njia ya kwenda.

Basi ndugu, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kila mzigo ulikuja na sababu yake. Yule bwana hakupakia mawe. Kila kifaa kilikuwa na faida, na kama ungemwuliza, angekueleza vizuri sana kwa nini kimo. Ndivyo tulivyo. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema, "Leo nitajitwika upumbavu." Tulikopa kwa sababu ya harusi. Tulinyamaza kwa sababu ya heshima. Tulikubali cheo cha tano katika kamati ya tano kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anataja vitu viwili ambavyo mkimbiaji huvivua: anataja uzito, na anataja dhambi. Tuangalie, hakusema kwamba ni kitu kimoja. Uko uzito ambao si dhambi kwa asili yake, lakini unatuzuia tusimfikie Kristo kama dhambi yenyewe inavyotuzuia. Kwa hiyo tusiulize tu, "Je, jambo hili ni baya?" Tuulize pia, "Je, nikiwa nalo ninakwenda, au nimesimama?"

Pili, iko tofauti kati ya furushi na mizigo. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanafunzi mwenzetu mmoja alisimama katika kipindi cha dini akasema kwamba Mtume Paulo amejipinga: katika Wagalatia 6:2 anatuagiza tusaidiane kubeba, na katika mstari wa tano anasema kila mtu na wake. Mwalimu wetu hakukasirika. Alituambia tusome tena polepole. Mstari wa pili unataja mizigo, na mstari wa tano unataja furushi. Wafasiri walifanya vyema, maana na Kigiriki kina maneno mawili hapo.

Furushi ni lile ambalo kila msafiri analo: nguo zako, chakula chako, zana zako za kuzibia pancha. Huwezi kumpa jirani akubebee ndoa yako, wala toba yako, wala malezi ya watoto wako. Mkristo asitafute dini isiyo na furushi. Bali mzigo ni ule unaomlemea mtu hata aanguke: msiba, ugonjwa, deni lililomshinda, dhambi iliyomnasa. Huo si wa mtu mmoja. Tumewaona vijana wa mkaa wakipanda mlima, magunia yamefungwa kwenye keria hata kichwa cha mtu hakionekani. Hawaendeshi tena, wanasukuma. Na mara nyingi mpita njia huweka mkono wake nyuma ya gunia, akasukuma naye mpaka kileleni, kisha akaenda zake bila kuuliza jina. Kitendo hicho ndicho sheria ya Kristo.

Shida yetu ni kwamba tunavigeuza. Furushi letu tunataka wengine watubebee, na mzigo unaotuua tunauficha wasiuone.

Tatu, mlima haupandwi kwa hasira. Katika baiskeli zetu, mlima ukiwa mkali mtu husimama juu ya pedali, akautupa mwili wake wote. Katika baiskeli ile ya kuegemea haiwezekani. Mgongo uko kwenye kiti, na hakuna pa kusimama. Dawa yake ni gia nyepesi na subira, kuzungusha miguu mara nyingi na kwenda kidogo kidogo. Tena mwendo ukiwa mdogo mno, baiskeli nzito huyumba ikataka kuanguka, hata ile kubwa ilibidi iwekewe miguu ya kuteremsha pembeni. Rohoni ni vivyo hivyo. Kuna milima ambayo nguvu zetu za kusimama na kushindana hazifai kitu. Hapo mtu huegemea neema ya Mungu, akafanya jambo dogo la leo, na kesho dogo jingine.

Hapa hatuna budi kusema habari zetu wenyewe, maana mhubiri asiyejitaja huwa anahubiria majirani.

Sisi na mdogo wetu, tumbo moja, tulikosana kwa ajili ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Ni safu moja ya minazi. Tulikaa miaka kumi na moja hatusemezani. Sababu tulikuwa nazo, tena nzuri. Tungeweza kuzipanga ubaoni moja baada ya moja kama somo la hesabu. Kuja kanisani tulipita njia ndefu ya bondeni, ili tusipite mbele ya nyumba yake. Usiku tulitunga maneno ambayo tungemwambia siku tukikutana, tukayasahihisha, tukayatunga tena. Na Jumapili tulipiga magoti mezani pa Bwana, yeye upande huu, sisi upande ule, tukapokea mkate mmoja.

Kwaresima moja tuliacha sukari kama kawaida. Jumapili ya Matawi, tukiipanda njia ile ya bondeni, magoti yalitukataa. Tulikaa juu ya jiwe, tukasikia nyimbo zimekwisha kuanza, na pale jiweni tukafahamu kwamba si uzee. Mtu mwenye miaka sitini anabeba kitu ambacho hata kijana kingemshinda.

Jumatatu ile tulipita njia fupi. Tulimkuta amechuchumaa uani, baiskeli ameipindua magurudumu juu, anaziba pancha. Maneno yote tuliyoyatunga kwa miaka kumi na moja yakatupotea. Aliinua macho, akatutazama kitambo, kisha akasema: "Kaka, shika hapa." Tukashika gurudumu. Hakukuwa na hotuba. Baadaye mkewe alileta chai, nayo ilikuwa na sukari, tukainywa.

Tungependa kuishia hapo, lakini tutakuwa tumewadanganya. Mpaka wenyewe haujapimwa hata leo. Na liko jambo zito zaidi. Vijana wetu, wa kwake na wa kwetu, walitusikia miaka yote ile tukinung'unika mezani. Sisi tumeutua mzigo, wao wameuokota. Mpaka leo hawaamkiani. Tunakwenda kwao, tunazungumza nao, mmoja mmoja, kwa gia nyepesi. Siku nyingine wanatusikiliza, siku nyingine wanatuuliza: "Kwani si ninyi mliotufundisha?" Na jibu hatuna, ila kusema, "Ni sisi, tusameheni."

Kwa hiyo tunawasihi ninyi ambao watoto wenu bado ni wadogo. Mzigo wa mtu mzima hauwi wake peke yake. Nyumbani yako macho yanayojifunza namna ya kuufunga kamba. Msingoje magoti yawakatae.

Wiki hii kila mtu na atafute dakika chache za ukimya, achukue karatasi, aandike alichobeba. Mbele ya kila kitu aandike neno moja katika matatu. Aandike "furushi", akashukuru na kukichukua. Au aandike "mzigo", akamtafute ndugu, au Kasisi, amsaidie. Au aandike "uzito", akakiweke chini. Na kama kuna jina la mtu katika karatasi hiyo, asingoje Jumapili ya Matawi. Apite njia fupi.

Bwana wetu hakusema kwamba tukimjia hatutabeba kitu. Katika Mathayo 11 anawaita waliochoka na kulemewa, anawapumzisha, kisha anawapa nira yake. Nira ni ya wawili. Mmoja wa wawili hao ni yeye aliyebeba mti wake mpaka Golgotha, na hata yeye njiani walimpatia Simoni Mkirene wa kumsaidia.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, unayeyajua yote tuliyoyafunga katika safari yetu na sababu zetu zote, utupe nguvu za kuchukua furushi letu, upendo wa kubebeana mizigo, na unyenyekevu wa kuweka chini uzito tulioupenda. Uwaponye watoto wetu na yale waliyoyaokota kwetu. Utufikishe sote kwenye Pasaka yako tukiwa wepesi. Wewe unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.