Je, Kumsitiri Mlevi ni Kumsaidia?





Imenifikia huku ng'ambo, katika chuo ninachofundisha, barua ya dada mmoja akaaye migombani, juu ya mji wa Moshi. Yeye na mumewe walifanya baiati siku moja. Mume akaacha pombe kwa miezi kadhaa, kisha akairudia: kwanza kata moja ya mbege katika arusi ya jirani, halafu kilabuni kila jioni, na sasa gongo tangu asubuhi. Mume asipofika kazini, mke hupeleka habari kwamba ameshikwa na malaria. Deni la kilabuni likidaiwa, hulilipa kwa fedha alizopata kwa kuuza ndizi. Watoto wakiuliza, huambiwa kwamba baba amechoka. Na ndugu zake katika imani wakimwuliza baada ya Sala ya Ijumaa, husema mume amesafiri.

Sasa dada huyu auliza: Mwenyezi Mungu amesema kwamba mke ni vazi la mume. Nikiacha kumfunika mume wangu, je, sitakuwa nimelivua vazi hilo? Na nikiendelea kumfunika, mbona yeye azidi kuangamia?

Swali hili si la nyumba moja. Wako wanaume pia wenye wake walevi, na wazazi wenye vijana walevi. Basi yafaa tulitazame kwa makini.

Ni kweli kwamba Kurani Tukufu yafundisha kuwa mume na mke ni mavazi, kila mmoja kwa mwenzake (2:188, kwa hesabu inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Ni kweli pia kwamba Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ametoa bishara kwa yule amsitiriye ndugu yake, kuwa Mwenyezi Mungu naye atamsitiri. Lakini iko amri nyingine, nayo husomwa siku ya nikaha yenyewe: waumini wamche Mungu na waseme kauli iliyonyooka (33:71). Kwa hiyo Uislamu umeiweka ndoa juu ya mambo mawili pamoja, sitara na kauli ya kweli. Haiwezekani Mungu Mwenye hekima atoe amri mbili zipingane. Ikiwa sitara yetu yahitaji uwongo kila siku ili isimame, yatupasa kuchunguza kama kweli ni sitara.

Hebu fikiri juu ya vazi. Vazi huzuia baridi na huficha tupu ya mtu isionwe na wapita njia. Lakini mtu akiwa na kidonda kinachooza, naye amefika mbele ya tabibu, je, vazi lake hubaki limekifunika kidonda? La hasha. Hufunuliwa pale penye kidonda, mbele ya yule awezaye kutibu, kisha mwili hufunikwa tena. Mwenye kuling'ang'ania vazi mbele ya tabibu hamsitiri mgonjwa, akisitiri kidonda.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Kutoitangaza aibu ya mume sokoni, kutomsimanga mbele ya watoto wake, kutoipeleka habari yake kwa kila jirani, hiyo ni sitara, wala dada yetu asiiache. Lakini kumwambia mwajiri kwamba ni malaria, na kulipa deni la kilabuni ili mkopo mwingine ufunguliwe, huko ni kuisitiri chupa. Ukimsitiri mtu, heshima yake hubaki na mwenyewe hupona. Ukiisitiri chupa, chupa hubaki na mtu hupotea.

Wasomaji wetu waliolelewa katika Ukristo huko Machame, Kibosho au Marangu watakumbuka habari iliyomo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, ya kwamba Nuhu alilewa akalala uchi, na wanawe wawili wakachukua nguo wakaenda kinyumenyume kumfunika. Sisi hatukubali kamwe kwamba Nabii wa Mungu alilewa, maana Mitume ni watakatifu. Lakini hata katika habari hiyo, vijana wale waliufunika uchi wa baba yao; hawakumjazia kikombe cha pili.

Tena Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mtu amsaidie ndugu yake, awe dhalimu au mdhulumiwa. Masahaba wakastaajabu: dhalimu husaidiwaje? Akawafahamisha kwamba kumzuia na udhulumu wake ndiko kumsaidia. Mlevi hujidhulumu nafsi yake kwanza, kisha jamaa zake. Basi msaada wake ni kuzuiwa, wala si kusafishiwa njia.

Yawezekana mwingine aseme: Ikiwa ni hivyo, na atengwe, na alaaniwe. Hapana. Katika Sahih Bukhari imepokewa habari ya mtu mmoja wa Madina aliyeitwa Abdullah, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume s.a.w. Mtu huyo aliletwa mara nyingi kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa. Mara moja mtu akamlaani kwa kuwa aliletwa mno. Mtume s.a.w. akakataza laana hiyo, akashuhudia kwamba mtu yule alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Tazama, ndugu msomaji! Kosa halikufichwa, wala halikuitwa kwa jina jingine. Na papo hapo mwenye kosa hakutolewa katika mapenzi. Haya mawili ndiyo dada yetu anayatafuta.

Tena jambo hili ni zito zaidi katika mitelemko ya Kilimanjaro, kwa kuwa huko pombe si kinywaji tu. Ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na gome la msesewe hufanya mbege. Nayo mbege huingia katika posa, katika matambiko na katika upatanisho wa waliogombana. Wazee hupokezana kata, na anayeikataa huenda akadhaniwa kuwa ameukataa udugu. Wanawake wengi wamesomesha watoto kwa kuipika na kuiuza. Mwongofu mpya asiwadharau wazee wake kwa hayo. Kurani Tukufu yenyewe yakiri kwamba katika ulevi zimo faida kwa watu, ila madhara yake ni makubwa kuliko faida yake (2:220). Udugu na heshima walivyovitafuta katika kata ni vitu vyema. Vitafutwe mahali pasipo na madhara hayo.

Serikali nayo imejaribu. Sheria ya mwaka 1966 ilizuia upikaji wa gongo bila leseni, na sheria hiyo yaitwa Sheria ya Moshi, kwa maana moshi ni jina jingine la gongo, wala si la mji. Mwezi wa Machi 2017 zikapigwa marufuku pombe za viroba. Hatua hizo ni njema, lakini sheria peke yake huufikia mkono tu. Huko Madina tangazo moja lilipotolewa, watu waliimwaga mvinyo hata ikatiririka njiani, kwa sababu mioyo ilikuwa imekwisha kutayarishwa kwa hatua, na mojawapo ni amri ya kutoikaribia Sala katika hali ya kulewa (4:44). Seyidna Ahmad Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika kitabu chake Safina ya Nuhu cha mwaka 1902, aliionya Jumuiya yake ijiepushe na pombe na kila kileo, na katika kitabu hicho hicho akasisitiza upole kwa watu wa nyumbani.

Wengine huuliza: Je, ulevi ni dhambi au ni ugonjwa? Kikombe cha kwanza ni hiari ya mtu, naye ataulizwa juu yake. Lakini kwa watu wengine pombe hufika kuutawala mwili: mtu hutaka nyingi kuliko zamani ili atosheke, hutetemeka asubuhi mpaka anywe, hujaribu kuacha asiweze, huficha chupa, huacha kazi na wana. Dada yetu akiziona dalili hizi, ajue kwamba kumwambia mume "acha tu" hakutoshi. Mtume s.a.w. aliifahamisha dunia kwamba mvinyo si dawa bali ni ugonjwa, na pia kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Mwenye kufahamu haya mawili hataudharau uganga wala hataidharau toba.

Basi afanye nini?

Kwanza, aseme naye asubuhi, mume akiwa timamu, wawili peke yao. Amweleze kwa upole yale aliyoyaona kwa macho yake, bila matusi, na amwambie wazi: Sitakutangaza, lakini sitasema uwongo tena kwa ajili yako, wala sitalipa deni la pombe. Fedha ya chakula na ya shule iwekwe mbali.

Pili, ampeleke kwa daktari. Moshi ina Hospitali ya Mawenzi, na KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Jambo hili ni la lazima, kwa kuwa aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafula huweza kupatwa na kifafa na kuweweseka katika siku chache za kwanza, hata kufa. Asifungiwe chumbani kwa nia njema. Daktari anazo dawa za kumvusha siku hizo.

Tatu, awaeleze watu wawili au watatu waaminifu, mathalan mubalighi na mzee mmoja mwenye busara. Huko si kusengenya, kwa kuwa ni kutafuta msaada. Nasi viongozi tujiulize: kwa nini dada huyu aliona ni salama zaidi kutudanganya kuliko kutuambia? Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana katika kazi hii nilimjibu mwanamke mmoja mwenye taabu kama hii: Subiri na uombe. Nilisema kweli, lakini nusu yake. Sikumwuliza kama watoto wamekula.

Nne, mume akiinua mkono, mke na watoto waondoke kwanza mahali pa hatari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mwenzi kumpiga mwenziwe, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kuvumilia kipigo si sharti la imani.

Tano, ajue mpaka wa uwezo wake. Huko Marekani, wanaume waliokuwa walevi walianzisha mwaka 1935 chama cha kusaidiana kiitwacho Alcoholics Anonymous. Baadaye, mwaka 1951, Lois Wilson, mke wa mmoja wa waanzilishi hao, alishiriki kuanzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, ambamo hufundishwa kwamba mke hakuusababisha ulevi wa mumewe wala hawezi kuuponya kwa nguvu zake. Waislamu wamekwisha kuambiwa jambo kubwa zaidi: hata Mtume s.a.w. hakupewa uwezo wa kumwongoza kila ampendaye. Aongozaye ni Mungu (28:57). Dada yetu hataulizwa kwa nini mume hakuacha. Ataulizwa kama alisema kweli, kama alikuwa na huruma, na kama aliilinda amana ya watoto.

Huenda mume akakasirika atakapoona uwongo umekoma. Huenda akapoteza kazi. Siwezi kumwahidi dada yetu kwamba njia hii ni nyepesi, wala kwamba mwisho wake lazima uwe kupona. Lakini njia ile ya zamani mwisho wake ameuona kwa macho yake. Na mume siku akitaka kurudi, atahitaji nyumba yenye mtu mmoja asemaye kweli, na msikiti wenye watu wasiomlaani.

Basi vazi lisivuliwe, dada yetu. Lifunuliwe penye kidonda tu, mbele ya atibuye, na usiku lifunikwe kwa dua. Mwenyezi Mungu amponye mumeo, akutie nguvu, na atufanye sote mavazi ya kweli kwa wenzetu. Amin.