Magari 900 na Mto Mmoja

Ndugu zangu wa Tseikuru, nanyi wa Kyuso na Ngomeni, fungueni Waamuzi sura ya 4. Hapo yuko Sisera, jemadari mwenye magari ya chuma 900. Aliyashusha mpaka bonde la mto Kishoni, na siku hiyohiyo akateremka garini akakimbia kwa miguu! Sura inayofuata inaimba jinsi mto ulivyowafagia watu wake. Chuma chake kilikuwa kizuri. Kosa lake lilikuwa kukipeleka mahali kisipopaweza.

Nayasema haya kwa sababu mvua ya Novemba ikikubali, ndengu zitauzwa, na kuna mwana wa mtu atakayeona kwenye simu kigari cha magurudumu manne kinaruka juu ya mchanga, chekundu, vumbi likifuka nyuma. Moyo wake utaruka nacho. Kikundi kitakaa, michango itapitishwa, na hapatakuwa na wa kuuliza: kitabeba nini? Kitapita wapi? Kikiharibika, nani atakifungua?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe halinywi petroli! Leo nawaambia: chagueni!

Pima mzigo kwanza. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Mitungi kumi ni kilo 200. Gunia la ndengu la kilo 90 utaliweka wapi? Ile pikipiki ya magurudumu manne unayoipanda kama punda, kwa kawaida imeundiwa mtu mmoja na mzigo mdogo kwenye keria. Ukirundika mitungi juu yake, uzito unapanda, na penye mteremko itakupindukia ikulalie kifuani. Usimpakie mtoto nyuma. Nasema tena, mama, usikubali mwanao apakiwe nyuma! Kama haja yako ni maji ya boma zima, tafuta kile kigari cha kukaa wawili sambamba, chenye usukani wa gari, mikanda, vyuma vya kukinga vichwa na bodi ya mizigo nyuma. Kisha soma kibandiko cha kilo kilichobandikwa na kiwanda, ukiheshimu.

Pima mchanga pia. Nani hapa hajawahi kusimama ukingoni mwa mto mkavu akaona pikapu ikizama? Dereva anakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka palepale, linajichimbia kaburi, mpaka tumbo la gari linalalia mchanga. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo ndizo zinazochimba. Tazama wayo wa ngamia: mpana, laini, haukati mchanga. Tairi la pikipiki ya magurudumu manne limefuata busara hiyo. Ni nene, na upepo wake ni pauni 5 hadi 7 hivi, wakati la pikapu hujazwa pauni 30 na zaidi. Ukilijaza mpaka liwe gumu kama jiwe, umelipa pesa za ngamia ukapewa kwato za mbuzi.

Utaniuliza, na tukutuku ya mizigo ya magurudumu matatu je? Kwenye murram ngumu inafaa sana. Lakini njia zetu zina mifuo miwili ya magari na tuta katikati, na gurudumu lake la mbele hupanda tuta hilo, au huzama peke yake mchangani. Magurudumu matatu porini yana historia ya kilio. Honda ilianza kuuza Marekani pikipiki ya namna hiyo mwaka 1970. Zilipinduka, zikaua wakubwa kwa watoto, na mwaka 1988 kampuni zilizoziunda zikakubali mbele ya mahakama kuacha kuziuza huko.

Pima na fundi. Katika vingi vya vigari hivi, nguvu ya injini hupita kwenye mkanda wa mpira. Ukilazimisha mchanga mzito kwa mwendo wa juu, mkanda unateleza, unapata moto, unanuka, unakatika, nawe uko katikati ya mto. Muulize anayekuuzia: kina gia ya chini ya kazi nzito? Mkanda wa akiba uko wapi, ni shilingi ngapi? Kichujio cha hewa kinafunguliwaje, maana vumbi letu halina huruma? Kama spea ni za kuagiza na fundi wa sokoni hajawahi kukifungua, basi pikipiki ya kawaida ni bora kuliko fahari hiyo. Wala usimcheke punda wako na mkokoteni wake. Punda wa Balaamu aliona hatari ambayo bwana wake hakuiona.

Nimebakiza neno moja, nalisema kwa machozi. Tarehe 4 Desemba 2021, mto Enziu ulilibeba basi la watu waliokuwa wakienda harusini. Zaidi ya 30 hawakurudi nyumbani. Basi ni kubwa, ni zito, ni refu. Ndugu yangu, hakuna gari linalochaguliwa ili kushindana na maji yanayokwenda kasi! Kigari chepesi chenye tairi nene za upepo ndicho kitakachoelea mapema. Mto ukijaa, zima injini, kaa ukingoni, ungoje. Harusi itangoja. Soko litangoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu noti, mwambie muuzaji akilete kigari mtoni wakati wa kiangazi. Pakia uzito ule unaoruhusiwa na kibandiko, kiingie mchangani, kisimame katikati, kisha kiondoke chenyewe. Kikiondoka, lipa na umshukuru Mungu. Kikizama, mpe mwenyewe sepetu na ufunguo wake, urudi nyumbani na pesa zako. Amina.